Mikoko ya Mombasa na Amana ya Wakataji Wake

Mtu aingiaye katika nyumba ya mawe ya zama za kale katika mitaa ya Kuze, Mkanyageni au Kibokoni, akavuka daka, akasimama ukumbini na kuinua macho yake darini, atakuta boriti zimelala safu kwa safu kutoka ukuta hadi ukuta, nyeusi kwa umri na moshi, na juu yake mawe na chokaa iliyobeba ghorofa nzima. Na akipima kwa hatua zake atatambua kwamba vyumba hivyo ni virefu lakini ni vyembamba, na upana wake aghalabu hauvuki mita tatu, kwa sababu boriti ya mkoko haihimili dari ya mawe katika nafasi pana kuliko hiyo. Kwa hivyo taarikhi ya Mji wa Kale haiwezi kutimia kwa habari za Ngome ya Yesu, makanuni na mawali peke yake. Sehemu yake kubwa imo topeni, katika hori zizungukazo kisiwa, na katika mambo ya watu waliokuwa wakiingia humo kwa madau maji yanapojaa na kutoka yanapokupwa, ambao kwa muda wa karne nyingi waliikata mikoko bila ya kuimaliza.

Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Upande wa kaskazini na mashariki ni hori ya Tudor, ambayo hupita mbele ya Bandari ya Kale, ikazunguka nyuma ya mji, kisha ikapanuka bara kuelekea Junda, Mikindani na Jomvu Kuu, ambako hupokea maji ya mito ya Kombeni na Tsalu. Upande wa kusini na magharibi ni Kilindini, bandari ya vina virefu, na nyuma yake hori ya Port Reitz ipokeayo mto wa Mwache. Katika pembe zote za ndani za hori hizo, mahali ambapo maji ya mvua hukutana na maji ya chumvi na tope hutulia, Mwenyezi Mungu ameotesha miti isiyochanganyika ovyo, bali kila mmoja una daraja yake: mlilana hukaa mbele kabisa ukikabili maji makuu, nyuma yake husimama mkoko wenyewe juu ya mizizi yake iliyopindana, kisha muia, kisha mkandaa, mfupi na mgumu, katika tope lililokauka kidogo, na mchu hupenda ukingo wa nchi kavu ambako maji hufika siku za bamvua tu. Mkomafi huonekana hapa na pale, na matunda yake mazito. Mkataji wa zamani aliyajua haya bila ya kitabu, maana asiyeyajua angepoteza maji mawili matatu akitafuta mti mahali usipoota.

Msafiri Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alikuta watu wa dini na ucha Mungu, wenye kula ndizi na samaki, wenye kuletewa nafaka kutoka bara, na akaandika kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi mkubwa. Ushahidi huo una uzito kwa habari yetu. Mji uliokuwa wa miti ulikuja kuwa wa mawe, lakini hata ulipokuwa wa mawe haukuacha kuihitaji miti, bali haja yake ilizidi. Boriti ziliingia katika dari. Fito ziliingia katika kuta za udongo za nyumba za watu wa kawaida na katika mapaa ya makuti. Magogo yaliingia katika tanuri za chokaa, ambamo matumbawe yalichomwa hata yakawa unga mweupe wa kujengea na kupakia. Mlilana ulitoa mataruma ya vyombo, maana matawi yake hupinda yenyewe kwa namna apendayo fundi wa majahazi. Ganda la mkandaa lilitoa rangi nyekundu ya kutilia ngozi na ukili wa mikeka. Wavuvi nao walisuka nyuzio kwa fito, wakazisimamisha katika maji madogo ili samaki aingiaye kwa maji kujaa asione njia ya kutoka yakupwapo. Ni vigumu kutaja kazi ya mkono katika mji huu ambayo haikuanzia horini.

Tena kulikuwa na biashara ya mbali. Nchi za Ghuba hazina miti ya kujengea, na mchwa wa huko, kama wa kwetu, hupata taabu kuushinda mti uliokulia katika chumvi. Ndiyo sababu pepo za kaskazi zilipoanza kuvuma, mabum ya Kuwait, Basra na Oman yaliteremka pwani yetu yakiwa na tende, chumvi, papa mkavu na mazulia, yakatia nanga katika Bandari ya Kale. Na yalipongojea kusi ya kurudia kwao, shehena iliyotafutwa kuliko zote ilikuwa ni boriti. Nyingi zilikatwa katika visiwa vya Lamu na katika delta ya Rufiji, ambako Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyesafiri na bum la Kuwait katika msimu wa mwaka 1938 na 1939, alishuhudia mabaharia wakizipakia katika joto, mbu na tope. Yaliyojengwa kwa boriti hizo yalikuwa jamaa wa nyumba zetu: vyumba vya kale vya Kuwait na Bahrain navyo ni vyembamba, kwa upana ule ule uliowekwa na mti ule ule. Mkazi wa Kibokoni angelala katika nyumba ya Basra na asione ugeni darini.

Biashara hiyo ilikuwa na hesabu yake, na ndani ya hesabu hiyo ndimo ulimokuwamo ulinzi wa miti, jambo ambalo waandishi wengi wa siku hizi hulipita. Miti haikuuzwa kwa uzito wala kwa mzigo, bali kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kila korija ilikuwa ya unene mmoja wenye jina lake. Ufito ulikuwa mwembamba kuliko yote, juu yake pau, kisha mazio, kisha boriti yenyewe, ambayo unene wake ni kiasi cha sentimita kumi na mbili au kumi na tatu, kisha nguzo, na kuendelea. Mnunuzi aliyetaka boriti hakukubali mazio, na aliyetaka pau hakuwa na haja ya nguzo. Mkataji, kwa hivyo, hakuingia msituni na kufyeka kila kilichosimama, maana kufyeka kungempa taabu bila ya malipo. Aliingia akatazama, akapita miti mia, akachagua mmoja ulionyoka na kufikia kipimo, akauacha mwembamba ukue hata awamu nyingine, na akauacha mnene uliopinda usimame uzae. Na uzazi wa mkoko ni wa ajabu: tunda lake huota lingali juu ya mti, likarefuka likawa kama mkuki wa kijani, kisha likaanguka na kujichoma topeni chini ya mama yake, au likachukuliwa na mkondo hadi pengine. Mkoko ukikatwa chini ya tawi lake la mwisho lenye majani hauchipui tena, tofauti na mchu, ambao huchipua upya kwenye kisiki. Hivyo uhai wa msitu wa mkoko ulisimama juu ya ile miti mikubwa iliyopinda ambayo soko halikuitaka.

Sisemi kwamba wazee wetu walikuwa malaika. Walikuwa wachache, shoka lilikuwa moja, na soko lilikuwa la msimu. Hayo yalisaidia, na si insafu kuyaficha. Vile vile uchaguzi wao ulikuwa na hasara yake, kwa kuwa miti iliyonyoka ndiyo iliyoondoka na iliyopinda ndiyo iliyobaki kuzaa. Walakini nasema kwamba walikuwa na sababu ya kuutaka msitu uwepo kesho. Mtu ambaye riziki yake ni boriti ya miaka ijayo hawezi kuchoma kichaka cha fito leo, na ikiwa jirani yake atafanya hivyo atamwuliza kwa nini. Swali hilo la jirani, ambalo halikuandikwa katika sheria yoyote, lilikuwa na nguvu kuliko askari, maana jirani yuko hapo usiku na mchana na anaijua sauti ya shoka lililo mahali pasipo pake.

Na ulinzi huo haukuishia kwenye maji ya chumvi. Watu wa Mombasa, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa waliounda umoja wa taifa kumi na mbili, walikuwa na ujamaa na ahadi na Wamijikenda wa bara: Thelatha Taifa kwa Wadigo na Waduruma, na Tisa Taifa kwa majirani wa kaskazini, Warabai miongoni mwao. Jomvu, mmoja wa Tisa Taifa, aliketi kwenye kichwa cha hori ya Tudor, na njia ya dau kutoka Mombasa hadi nchi ya Rabai ilipita mbele yake. Ndiyo njia iliyotumiwa na wamisionari Krapf na Rebmann walipoanzisha kituo chao Rabai mwaka 1846. Juu ya vilima vile Warabai walikuwa na kaya zao: Mudzimuvya, Bomu na Fimboni, misitu mitakatifu ambamo wazee wa kaya walikataza mtu kukata mti, kuchunga mnyama au hata kuingia bila ya idhini. Sababu ya katazo ilikuwa ni taadhima kwa mababu na kwa fingo, yaani dawa ya kuilinda kaya, iliyozikwa humo. Lakini athari yake ilishuka na mto. Mlima wenye msitu huushika udongo wake. Mlima uliovuliwa msitu huutupa udongo huo katika Kombeni, na Kombeni huupeleka chini hadi kwenye mizizi ya mikoko, ambayo hupumua kwa matundu madogo juu ya tope na hufa yakizibwa. Mzee wa kaya wa Kirabai na mkataji boriti wa Jomvu huenda hawakuwahi kukaa pamoja kuizungumza habari hii, na hata hivyo amana ya mmoja ilikuwa imetegemea amana ya mwenziwe. Kwa Wadigo wa kusini palikuwa na ada ya baharini pia: wazee wenye elimu ya mizimu walitoa sadaka mahali maalumu, na mahali pengine palifungwa wavuvi wasivue kwa muda. Baadhi ya masheikh waliyapinga matambiko hayo kwa hoja za dini, nao walikuwa na haki ya kuyapinga. Bali samaki waliozaa katika muda wa kufungwa walikuwa samaki wa wote.

Mwaka 1932 serikali ya Kiingereza ilitangaza mikoko yote ya pwani ya Kenya kuwa msitu wa serikali, na serikali ya uhuru ikathibitisha jambo hilo mwaka 1964. Nia ya tangazo ilikuwa njema kwa namna yake, kwa kuwa Wazungu walikuwa wamekwisha ona faida ya magome na nguzo, na walihofu kwamba bila ya leseni miti itakwisha. Lakini angalia lilivyogeuza hali ya watu. Yule aliyekuwa mwenye hori kwa mazoea ya baba na babu alikuwa sasa ama mwenye leseni ama mwizi, na katika hali zote mbili hakuwa tena mlinzi. Swali la jirani lilinyamaza. Msitu ulipopata mwenyewe aliyekaa ofisini, wale waliokuwa wenyewe kwa macho na masikio walijiona wageni, na mgeni hana uchungu wa nyumba. Mwaka 1982 ikaja amri ya kukataza kabisa kuuza boriti nchi za nje. Hapo biashara ilikuwa imekwisha dhoofu, maana mafuta yalikuwa yameipa Ghuba saruji na chuma, na mabum yaliyokuja na kaskazi yalikuwa machache. Lakini amri ile ndiyo iliyofunga mlango, na pamoja nao ikafunga thamani ya mti ulionyoka. Tangu siku hiyo mkoko wa Mombasa ulizidi kuelekezwa katika soko la moto.

Soko la moto halichagui. Tanuri ya mkate, tanuri ya chokaa, mkaa, na mapipa ya kupikia pombe haramu katika vijiji vya mji vilivyokua upesi kandokando ya hori, vyote hivyo hula ufito na nguzo sawasawa, na mti uliopinda huungua vizuri kama ulionyoka. Mji nao uliongezeka kwa kasi isiyopata kuonwa, na maji machafu yake yakaelekezwa horini. Tuta lililojengwa Makupa katika zama za ukoloni kupitisha watu na magari lilikuwa limekata mawasiliano ya maji baina ya Tudor na Port Reitz, na bahari iliyozoea kupita huku na huku ikabaki imesimama; hapo hapo Makupa mwaka 1988 mafuta mazito yalimwagika na kuua mikoko iliyokuwapo. Jirani yake, Kibarani, palifanywa jaa la mji mzima. Siwezi kupita hapo bila ya kumtaja kunguru wa Kihindi, ndege aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ili ale takataka, akaonekana Mombasa katika miaka ya 1940, na akaneemeka kwa majaa kama hayo hata akawa mtawala wa anga ya mji, mla mayai na makinda ya ndege wenyeji waliokuwa wakijenga vioto humu tangu zama za Ibn Battuta. Mgeni huyo hakuvamia mji ulio mzima. Alivamia uliokwisha jeruhiwa.

Kisha zikaja mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Mashamba ya vilimani yaliyokuwa zamani vichaka na misitu yaliteremka na mito, na udongo ukafunika mizizi katika Mwache na Tudor, mikoko ikafa imesimama. Wataalamu walioipima miti ya hori hizi kwa picha za juu, baina ya mwaka 1992 na 2009, walikuta kwamba Tudor ilikuwa imepoteza karibu asilimia 87 ya mikoko yake, na Mwache karibu asilimia 45. Huo ni muda wa miaka kumi na saba, miti ikiwa chini ya himaya ya sheria, tena sheria mbili tatu. Karne nyingi za majahazi hazikufanya hivyo.

Kuirejesha mikoko kulianza mahali pengine. Gazi, kijiji cha pwani ya kusini, kilikuwa kimekatiwa mikoko yake kwa ajili ya viwanda, na katika miaka ya 1990 wanazuoni wa taasisi ya utafiti wa bahari, ambayo makao yake yako Mkomani ng'ambo ya maji kutoka Mji wa Kale, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni walianzisha Mikoko Pamoja, wakailinda mikoko ya hekta 117 na kuuza kwa watu wa nchi za mbali ile hewa ya kaboni iliyohifadhiwa ndani ya miti na tope, wakanunua kwa fedha hizo maji ya bomba na vitabu vya skuli. Jambo hilo lilikuwa la kwanza la namna yake duniani kwa mikoko. Mti ulio hai ulipata tena bei, na mwenye kupokea bei hiyo alikuwa ni jirani.

Mombasa haikukaa kutazama. Sheria ya misitu ya mwaka 2005, na ile ya 2016 iliyoifuata, ziliruhusu jamii kujiunga na kutia saini mapatano ya kusimamia msitu pamoja na serikali. Nazo kanuni za mwaka 2007 ziliwapa wavuvi vyama vya kusimamia bandari zao ndogo. Katika Jomvu Kuu, Mikindani na Junda vikundi vya vijana na vya akina mama vimefanya vitalu, wamefuga nyuki katikati ya mikoko na kunenepesha kaa katika vizimba. Mwanzoni miche mingi iliyopandwa katika pwani hii ilikufa, na sababu ilikuwa ni ile ile aliyoijua mkataji wa kale: watu walipanda mkoko kila mahali, kwa kuwa tunda lake ni refu na ni jepesi kuokota, hata palipokuwa pahali pa mlilana au pa mchu, na mawimbi au ukame ukauondoa. Siku hizi mahodari wao hutazama kwanza kisiki kilichobaki ili wajue ni mti gani uliokuwa hapo. Jaa la Kibarani limefungwa na kupandwa miti, na mwaka 2022 daraja jipya la Makupa lilifunguliwa mahali pa tuta, ili maji ya Tudor na ya Port Reitz yakutane tena.

Kwa hesabu iliyochapishwa na serikali mwaka 2017, Kenya ina hekta 61,271 za mikoko, na Mombasa ina 3,771 kati ya hizo. Kwangu mimi suala lililobaki ni moja, nalo halijapata wa kulisema kwa sauti ya kutosha. Mji wa Kale umewekwa chini ya hifadhi tangu mwaka 1990, na mwenye nyumba hukatazwa kuibadilisha ovyo. Mikoko nayo iko chini ya hifadhi, na mwenye nyumba hukatazwa kuikata. Fundi ambaye boriti yake imeoza hana njia halali iliyo nyepesi ya kupata nyingine, basi hutia chuma na zege, na chuma kikiliwa na chumvi ya bahari hupasua ukuta uliokwisha simama miaka mia mbili. Hifadhi mbili zimepigana, na nyumba na hori zote mbili hupata hasara. Ikiwa watu wa Jomvu na Mikindani wamepewa kwa saini ulinzi wa miti wanayoipanda, basi wapewe pia haki ya kukata kwa kipimo, korija chache za boriti kila awamu, mti mmoja uliochaguliwa kati ya mia, ziende Kuze na Kibokoni kwa bei ya haki na kwa idhini iliyoandikwa, na ushuru wake urudi vitaluni. Wako bado wazee wachache katika pande zile wawezao kusimama mbele ya mti na kutaja bila ya kuupima kama ni pau, mazio au boriti. Inafaa waketi na vijana wa vitalu sasa, kabla ya mapatano yajayo ya misitu kuandikwa, na kipimo chao kiingie katika maandishi hayo.